Mlinzi wa mfereji aliyekataa kuifungia maji Nkoamoru

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu wa Meru haujainuka, na Sadoki amepiga magoti ndani ya mfereji. Kazi hii hufanywa kwa kuinama. Lakini leo ni siku ya tisa tangu achapwe viboko ishirini na tano, na mgongo umekataa katakata kuinama. Kwa hiyo anatambaa, mkono mmoja ukipapasa ukingo.

"Hapa," anasema. Fuko wametoboa tena. Anakata kipande cha mgomba, anakisokomeza tunduni, anakandika udongo wa mfinyanzi juu yake, kisha anasogea mbele kutafuta tundu jingine.

Ameulinda mfereji huu miaka kumi na sita. Mshahara hana. Kila nyumba humpa mkungu mmoja wa ndizi kwa msimu, na kibuyu cha pombe siku anapofungua maji ya kwanza. Maji yanatoka msituni, yanapita nchi ya Nkoamoru, yanateremka Songoreni anakoishi yeye, na kuishia Kiwawa. Nyumba mia mbili na kumi zinayategemea. Milango ya maji, yaani pale panapozibwa na kuzibuliwa kwa bonge la udongo wenye majani, haiguswi na mtu ila yeye.

Miaka minne iliyopita Boma la Arusha liliziunganisha nchi hizo tatu chini ya akida mmoja. Tangu hapo umoja huo hutakiwa kutoa wanaume arobaini kila mwezi, wakapasue mawe ya barabara. Anayewachagua ni akida, na ishirini na wawili kati yao huwatoa Nkoamoru, nchi iliyo ndogo kuliko zote. Mwezi uliopita wazee wa Nkoamoru walisema imetosha: wanajitoa, na Boma watalijibu wenyewe.

Mtu angedhani Sadoki aliwashangilia. Wala. Siku ya kwanza ya baraza lililoitwa kulizungumza jambo hilo, alisimama kuwapinga.

"Niliwaambia, mkitoka ninyi, sisi tunabaki na huyu bwana peke yetu," anasimulia. "Nikasema tukae pamoja, tumkabili wote. Basi mzee Sumari akanijibu."

Mzee Sumari ndiye msemaji wa Nkoamoru. Ana wana watatu, na wote watatu wamepelekwa kwenye mawe mwaka huu. Alimuuliza mbele ya watu, kwa upole kabisa: "Sadoki mwanangu, wewe umepeleka wangapi?"

Sadoki hakuwa amepeleka hata mmoja. Akaketi. Mpaka leo hajui nani kati yao alikuwa na haki, na anakiri hivyo bila haya.

Siku ya pili akida aliukata mjadala. Alitangaza kwamba nchi inayojitoa katika umoja inajitoa na katika maji. Kisha akamnyooshea Sadoki fimbo, akamwamuru apande jioni hiyohiyo akaizibe milango mitatu ya Nkoamoru. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Wiki mbili bila maji, na nyumba zaidi ya hamsini zingelala njaa mwaka mzima.

Sadoki akasimama tena.

"Bwana akida," alisema, "umoja wako una miaka minne. Mfereji huu ulichimbwa na babu zetu, wangu na wa mzee Sumari, na kanuni yake ni moja: anayefungiwa ni asiyekuja kuchimba. Siku ya kusafisha iliyopita, Nkoamoru walikuja wote, hata wajane walileta chakula. Iko nyumba moja tu isiyokuja, mwaka wa nne sasa, na bustani yake inakunywa kila siku. Ukitaka nifunge, najua pa kuanzia."

Hakuna asiyeijua bustani hiyo. Mtu mmoja nyuma akacheka, na mara baraza zima likacheka. Askari walimlaza Sadoki kifudifudi palepale, na kicheko kikakatika. Alipoinuliwa aliulizwa kama sasa atafunga.

Akasema hapana.

Usiseme hakuogopa. "Niliogopa sana," anasema. "Lakini ningewafungia, ningepita wapi tena? Kila asubuhi napita kwenye migomba yao."

Askari walikwenda kuziba wenyewe, kwa mawe, bila kujua udongo umetobolewa wapi. Kabla ya asubuhi ukingo ulikuwa umebomoka, na maji yakaishia korongoni. Songoreni na Kiwawa zikakauka pamoja na Nkoamoru. Watu wa nchi zote tatu walipanda na majembe bila kuitwa, mzee Sumari mbele yao, wakaujenga ukingo upya, na milango yote ikaachwa wazi. Tangu siku hiyo hakuna askari aliyerudi kuigusa. Boma halijaijibu Nkoamoru, nayo Nkoamoru haijampelekea akida mtu hata mmoja.

Nyumbani, mkewe Tabea humpaka mafuta ya kondoo mgongoni, na hamwonei huruma kwa maneno.

"Nilimwambia asubuhi ile, baba Eunike, ukisimama sema nusu tu," anaeleza. Anamtazama mumewe aliyelala kifudifudi mkekani, anatabasamu kidogo. "Lakini angesema nusu, ningeona aibu kwenda kuchota maji."

Ijumaa ijayo ni siku ya kusafisha mfereji. Sadoki amekwisha zipelekea habari nchi zote tatu, iliyojitoa na zilizobaki. Na akida je?

"Nimemtumia ujumbe mara tatu, kama jirani mwingine yeyote. Nimemwambia jembe kama hana, nitamwazima langu."

Jua limetoka. Anatambaa mpaka kwenye mlango wa mwisho, ule wa kuingilia bustani ya akida. Kabichi zimelowa vizuri. Ukingoni pamewekwa bonge moja la udongo wenye majani, limekatwa kwa kipimo cha mlango huo.

"Nimelikata jana," anasema Sadoki. "Ijumaa jioni tutajua kama lina kazi."