Kijumbe Asiyeangalia Salio

Kwa kutunza hela ya mtu mwingine, Swaumu hakuwa na mpinzani pale soko la Mchikichini. Alikuwa kijumbe wa mchezo wa wanawake kumi wanaouza mitumba: yeye ndiye aliyekusanya michango kila Alhamisi na kumkabidhi mwenye zamu. Kwa miaka mingi hakuna aliyepunjwa hata shilingi. Hela yake mwenyewe ndiyo iliyomshinda. Hiyo hakutaka hata kuitazama. Meseji ya salio ikiingia kwenye simu, aliifuta haraka, kama anayemfungia mlango mtu anayemdai. Ukimuuliza ana kiasi gani, alikwambia, "Mungu ndiye anayejua," na alimaanisha hivyohivyo.

Humo kwenye simu mlikuwa na deni. Ni ile mikopo ya mtandao inayokuvusha pale unapolipia kitu na hela haitoshi, halafu chochote kikiingia kwenye laini yako, deni linakatwa kwanza. Swaumu alijivusha kwenye ada ya mtoto, akajivusha kwenye umeme, akajivusha tena kwenye msiba wa Ilala, na kila mara akajiambia ni kidogo. Na ni kidogo kweli, kwa asiyejumlisha.

Siku zote michango ililetwa mkononi, naye akaifutika kwenye kibindo cha khanga. Sasa Alhamisi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, soko likawa tope tupu, wanawake wengi hawakutoka. Swaumu akawaambia wamtumie kwenye simu. Wakatuma wote. Simu ikalia mchana kutwa, naye kwa mazoea yake akafuta meseji moja baada ya nyingine bila kusoma. Mtu mzima huyo, na akili zake timamu.

Zamu ilikuwa ya Nasma, muuza viatu vya watoto wa meza ya jirani. Alikuwa akisubiri hela ile alipe kodi ya miezi sita, na mwenye nyumba alishamwambia mwisho ni Jumamosi. Ijumaa asubuhi walikwenda pamoja kwa wakala. Swaumu akabonyeza namba ya siri, akaangalia, akaangalia tena. Zaidi ya nusu ya hela haikuwepo.

"Mtandao unasumbua," alisema.

Wakala hakuinua hata uso. "Mtandao uko sawa, mama. Umekatwa deni."

Nasma hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Dada, hiyo ni nyumba yangu," akaketi kwenye benchi na kujifunika uso kwa mtandio. Swaumu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Chini ya meza yake kulikuwa na belo la nguo za watoto alilolinunua kwa ajili ya Idd, halijafunguliwa. Saa ileile akalipeleka kwa Evarista, mfanyabiashara mwenzake, ambaye alimpa bei ya mtu mwenye shida, chini kabisa ya aliyonunulia. Nasma akapata hela yake yote kabla ya swala ya Ijumaa. Idd ilipokaribia, wenzake wakiuza hata muda wa kunywa maji hawana, Swaumu alikaa mbele ya masweta ya wanaume yasiyoulizwa na mtu. Iliuma, na aliona haya hata kuitikia salamu.

Lakini Alhamisi ya kwanza tu baada ya siku ile ya wakala, Nasma alikuja mezani kwake. Swaumu alijua amekuja kumsema.

"Toa simu," Nasma alisema. "Angalia salio, unisomee kwa sauti. Mimi nipo hapa."

"Nisamehe, mdogo wangu. Siwezi."

"Basi na mimi siondoki."

Akasoma. Deni lilikuwa limekwisha, limeondoka na belo, na kilichobaki hakikutosha hata unga. Alilia mbele ya wateja. Alhamisi nyingine Nasma akaja tena, na iliyofuata, na iliyofuata. Hela haikuongezeka kwa kuangaliwa. Wiki nyingine ilipungua. Kilichotulia ni moyo. Swaumu alianza kulala akijua kesho atakuta nini, na hakujivusha tena, maana sasa shimo aliliona kabla ya kutumbukia.

Mzunguko wa mchezo ulipoisha, wanawake walikaa kuanza mwingine. Hakuna aliyemtaja Swaumu. Walimchagua Nasma kuwa kijumbe, macho yao yakiwa chini, naye Swaumu akanyoosha mkono pamoja nao. Heshima ile aliijenga kwa miaka mingi, na ilimtoka kwa siku moja.

Ukaja wakati wa kupanga zamu. Kijumbe huchukua ya kwanza, wenye shida humfuata, na ya mwisho kila mtu huikwepa, kwa kuwa anayeipokea huwa amewakopesha wenzake wote mpaka zamu yake ifike.

"Nipeni ya mwisho," Swaumu alisema.

Wakatazamana. Nasma akamsogelea, akaongea kwa sauti ya chini. "Dada, una uhakika? Hiyo ni zaidi ya miezi miwili."

"Nimeangalia," Swaumu akamjibu. "Naweza."