Chupa Isiyoshika Harufu

Kaka yangu mkubwa alikuwa akijichanganyia mwenyewe maji ya sigara yake ya umeme, yenye harufu ya embe, na chupa zikimpungukia tulikwenda wote Asiatique, mtaa wa maduka, kutafuta nyingine. Alinitia aibu dukani. Kila chupa aliifungua, akaitia pua na kuvuta pumzi mbele ya wateja, na zile za plastiki alizirudisha palepale.

"Si uchukue hizi tu, twende," nilimwambia, nimechoka kusimama.

"Apana. Plastiki inakamata harufu, hata uoshe namna gani. Mi nataka ya kioo, ya rangi ya kahawa, jua isiharibishe maji yangu. Kioo ukiosha, inasahau yote."

Malaria ilimchukua mvua zilipoanza. Matanga yalipokwisha, shangazi zetu waliosha kila alichokigusa, kama tufanyavyo nyumbani kwetu: nguo, shuka, kikombe, na zile chupa za kioo alizonunua. Walizisugua kwa sabuni na maji ya moto, wakazipanga dirishani ziking'aa.

Mama ndiye aliyekuwa akimfukuzia uani kwa ile harufu yake ya embe. Sasa kila asubuhi anashusha chupa moja, anafungua kifuniko, ananusa kwa muda mrefu, kisha anafunga.

"Hakuna kitu," ananiambia.

Nami namkasirikia marehemu mpaka leo. Ule ubishi wake wote dukani! Angenunua plastiki hata moja tu.