Nilivyokwenda Quakers Hill kuomba maombi ya gari la mashindano yarekebishwe

Wakuu, heshima zenu nyote, wa zamani na wageni.

Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na sehemu inayoniaibisha sitaificha.

Mwaka 2014 nilikuwa Sydney nikisoma shahada ya uzamili ya maadili na sera za umma. Nilipanga chumba Merrylands kwa mzee mmoja Mkongomani wa Bukavu, Papa Furaha, dereva wa forklift katika ghala moja huko Seven Hills. Alikuwa amefiwa na mkewe, akiishi na bintiye Furaha wa miaka kumi na mitano.

Jumamosi mchana Papa Furaha alikuwa akishindana kwa gari kuukuu kwenye uwanja wa udongo.

Kwa wasioujua mchezo huu: ni magari ya kawaida yaliyochoka. Yanatolewa vioo na viti, yanafungwa mabomba ya chuma ndani ili dereva asipondeke, kisha kumi na mawili yanazunguka pamoja kwenye duara la udongo uliomwagiwa maji.

Kusukumana kunaruhusiwa. Kwenye kona, ndiyo njia ya kupita.

Mimi nilipinga. Mafuta yanateketezwa bure, na mtu aliyekimbia vita anakwenda kugongwa kwa hiari yake? Nikamwandikia barua ya kurasa mbili, yenye tanbihi.

Aliisoma yote, amesimama.

"Prof, barua yako iko muzuri sana," akasema. "Sasa nishikilie hii taa."

Nikashika taa. Na gereji ile ikanionyesha jambo ambalo barua yangu haikulitaja.

Ndani ya nyumba Furaha hakuwa akiongea. Baba akimsemesha Kiswahili, yeye hujibu "yeah" au "nah", kisha mlango wa chumba unafungwa. Lakini chini ya gari lile alikuwa fundi mkuu. "Ten mil, Dad. No, the other one." Saa tatu mfululizo, baba akitumwa spana na kufurahi.

Nikaelewa kwamba kati yao lilikuwa limebaki gari tu. Nikaacha kupinga. (Kuhusu mafuta bado nina msimamo wangu.)

Tatizo lilianzia kanisani.

Katika ushirika wetu, gari jipya haliendeshwi kabla halijaombewa. Papa Furaha alikuwa amenunua jingine la mashindano; akalileta juu ya trela, bado lina vioo na viti. Auntie Njeri, nesi Mkenya wa Quakers Hill na kiongozi wetu wa maombi, alidhani ni la kwendea kazini. Akaweka mkono kwenye boneti:

"Gari hili lisiguswe na gari lingine, wala lisiguse lingine, katika jina la Yesu!"

Papa Furaha aliitika Amina mara tatu, kwa sauti kuliko wote.

Wakuu, tafakarini. "Lisiguswe" lilikuwa jukumu la Mungu. "Lisiguse" lilikuwa jukumu lake, na yule mzee ni mtu wa neno lake.

Jumamosi tatu akawa anapisha. Si kupisha tu, bali anainua mkono kumshukuru aliyempita. Mara tatu akawa wa mwisho. Madereva wenzake wakaanza kumwita "Reverend".

"Dad, you literally waved at him!" Furaha alifoka mara ya tatu. "Do that again and I'm done. Get Prof to do the tyres."

Mimi sijui hata kujaza upepo. Na nilijua ule mlango wa chumba ukifungwa tena, hautafunguka leo wala kesho.

Nikamsihi mzee.

"Mi nilisema Amina mbele ya batu," akajibu. "Sasa nitawaambia nini? Eti nilikuwa nachezeya?"

Basi nikapanda treni hadi Quakers Hill kuomba maombi yarekebishwe. Nilikuwa nimeandaa hoja tatu. Auntie Njeri alisikiliza moja.

"Wee kijana. Maombi si lease, ati tukae chini tu-renegotiate." Akanimiminia chai. "Hiyo race ni lini? Nitakuja nijionee mwenyewe."

Alikuja na kofia nyeupe ya kanisani na chupa ya chai. Mzunguko wa kwanza tu, donge la udongo likatua juu ya kofia. Akalifuta kwa leso.

Gari namba 44 likamsukuma Papa Furaha kwa nyuma. Mzee akapisha, akainua mkono. Auntie akaweka kikombe chini.

Mzunguko uliofuata mzee akateleza, 44 likamkuta tena kwenye kona, likamgonga tena. Auntie akasimama.

"Ameguswa! Mara mbili! Na yeye hajagusa mtu! Huyo ndiye amevunja maombi!" Akanigeukia. "Mwambie nimemwachilia. Agonge!"

Magari yale hayana redio. Tulikuwa na ubao mweupe wa kuinua kwenye uzio. Nikashika kalamu, nikaandika:

"Kwa kuwa sharti la maombi limekiukwa kwanza na upande wa pili, unaruhusiwa ku"

Ubao ukaisha.

Mzee akapita akiukodolea macho, nusura aparamie ukuta.

"What is that, an essay?" Furaha akaninyang'anya ubao, akafuta kwa mkono wa sweta, akaandika maneno mawili, akapanda juu ya uzio.

BABA GONGA.

Kwa Kiswahili. Baadaye alinieleza ni ili 44 asiweze kusoma. Sababu nzuri. Ila kimbinu, GONGA peke yake ingetosha.

Mzee akapita tena, akausoma. Kona iliyofuata, 44 liligeuzwa kama chapati, likabaki linatazama lilikotoka. Nami, mtu wa maadili, nilijikuta juu ya benchi nimemkumbatia Auntie Njeri.

Papa Furaha alimaliza wa kumi na moja kati ya kumi na wawili. Alishuka akaja moja kwa moja kwenye ubao, akausoma tena taratibu, kidole kikiwa kwenye BABA.

Furaha alikuwa ameinamia tairi. "Left rear's cooked, Dad. Bring the jack."

"Ndiyo, chef," akasema mzee, kama anayemjibu bosi wake, akakimbia.

Ubao ule umetundikwa gereji hadi leo na haufutwi. Barua yangu ipo chini yake, imekaliwa na chujio la oili.

Nilichojifunza: kabla ya kumwandikia mtu kurasa mbili, kwanza mshikie taa.

Sasa waumini na wanasheria mliomo humu, naomba mnisaidie bila matusi: Amina ikishasemwa, inarekebishika? Maana Auntie Njeri anadai hakurekebisha kitu, alitafsiri tu.