Dadu Juu ya Dungu

Ludo yetu ililowa mvua za masika, mwaka ule mama alipofariki. Ubao wake wa kadibodi ukavimba na kubanduka, ikabaki dadu peke yake. Tulikwenda nayo shamba, mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu, binti ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Matanga yalikuwa yamekwisha, na mpunga ulianza kujaza punje. Mpunga hauna habari na msiba wa mtu. Baba akabaki nyumbani Mlabani, shangazi akatuchukua bondeni tukaamie ndege, wasiumalize mpunga.

Kitinda mimba hakuambiwa. Mama alifia ng'ambo ya mto, Lupiro, alikokwenda kuuguzwa kwao, akazikwa na kuwekewa matanga huko huko. Baba aliona heri mtoto aambiwe kwamba mama amesafiri, na shangazi akatuonya tusifungue mdomo. Sikubisha. Kusema kweli sikuwa na kitu ndani yangu cha kubishia. Nilikula, nililala, nilivuta kamba.

Juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti shambani, siku haziishi. Unavuta kamba, makopo yanalia katikati ya shamba, ndege wanaruka, wanarudi. Hapo ndipo tulipobuni mchezo wetu. Mimi nilikuwa msimuliaji, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi: mdogo wangu alikuwa mwindaji, kitinda mimba alikuwa msichana mwenye baiskeli. Walisema mtu wao anataka kufanya nini, kisha wakarusha dadu kwenye ungo. Moja au mbili, ameshindwa. Tano au sita, amefaulu. Katikati hapo niliamua mimi. Dadu ilisema kama jambo limetokea, mimi nikasema limetokeaje.

Mdogo wangu alizaliwa hakimu. Nikimwonea huruma mtu aliyepata moja, alipiga kelele, "Sheria msumeno, dada!" Kwa msimamo huo mwindaji wake alishapoteza mguu kwa mamba, na bado aliendelea kuwinda.

Mchana mmoja kitinda mimba akasema msichana wake anapanda pantoni na baiskeli, anakwenda Lupiro kumfuata mama. Akarusha kabla sijamzuia. Ikaja sita.

Nikamvusha. Nilisimulia pantoni, nikasimulia barabara, mashamba, wauza samaki, chochote kile ilimradi asifike. Lakini baiskeli ilikuwa nzima, na safari yenyewe si ndefu.

"Nimefika," akasema. "Mama yuko wapi?"

"Hayupo nyumbani."

"Sita ni sita!" akadakia mdogo wangu, kwa mazoea tu. Kisha akagundua alichokisema, akainamisha kichwa.

"Nimepata sita," kitinda mimba akasema. "Mlete."

Ningeweza kumleta. Kanuni iliniruhusu, tena ilinilazimisha. Yalihitajika maneno machache tu: mama anatoka jikoni, anafuta mikono kwenye khanga. Mtoto angefurahi siku ile, na kesho yake angerusha tena. Nilimwona akirusha kila siku mpaka mavuno, na mimi kila siku nikimtoa mama jikoni.

"Dadu haiwezi kumleta," nikasema. "Mama alifariki. Amezikwa huko Lupiro."

Sauti yangu ilikuwa ile ile ya kusimulia. Ndege wakashuka kwenye mpunga, kundi zima, na hakuna aliyevuta kamba. Shangazi alitupigia kelele kutoka mwisho wa shamba, tulimsikia, hatukujali. Nilingoja machozi, hayakuja. Niliona aibu kwamba hayakuja, lakini hata aibu yenyewe ilikuwa ya mbali.

Kitinda mimba naye hakulia. Aliokota dadu, akaigeuza geuza, akitazama pande zake zote.

"Huyu wa baiskeli simtaki tena," akasema. "Nipe mtu mwenye mama."

Nikatafuta kichwani, sikupata mtu. Mimi msimuliaji, sikuwa na hata mmoja. Mdogo wangu ndiye aliyesogea karibu naye.

"Chukua mwindaji wangu," akamwambia. "Ana mguu mmoja, lakini mama yake yupo, anakaa Mchombe. Na huyo mama harushiwi dadu."