Valvu Niliyoibadilisha Kabla ya Kuangalia Waya

Sifa zote ni za Mungu, aliyenivumilia nilipokuwa mjuaji na bado ananivumilia sasa nikiwa mzee wa hasira za haraka. Ninamshukuru kwa pumzi, kwa kwaya yetu hapa Kibondo, na hata kwa nyinyi vijana mnaonichosha. Maana juzi mmeniletea amplifaya, valvu zake zote mmezichomoa na kuzitia ndani ya ndoo kama viazi, kisha mkaniambia kuna mtu ameiharibu. Sikuwajibu siku ile. Niliogopa ulimi wangu. Leo nimetulia kidogo, basi nawaandikia, na kila mmoja asome kama nimemwandikia yeye peke yake.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tukiwa kwenye mazoezi ya Jumamosi, gitaa langu lilipoanza kufifia katikati ya wimbo. Amplifaya yetu ilikuwa ya zamani, ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka vyekundu kama makaa. Tuliachiwa na wamisionari, na tuliitunza kuliko tulivyotunza viatu vyetu. Siku hiyo sauti ilipungua, ukali wake ukapotea, gitaa likawa kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Baadaye ikarudi yenyewe. Kisha ikapotea tena.

Tulikuwa wapigaji wawili. Mwenzangu aliitwa Elia. Wazazi wake walitoka Burundi na kulima jirani na shamba letu, na kwa ukweli wa Mungu alinizidi kupiga. Wiki ile alikuwa amebeba amplifaya kwa baiskeli kwenda kupiga harusini. Elia akaniambia kwa upole niangalie kwanza waya wa gitaa. Nikamcheka. Mimi niliyesoma sayansi sekondari nifundishwe na mtu wa baiskeli?

Nikaifungua amplifaya. Sikujua kwamba umeme hukaa ndani ya mashine zile hata baada ya kuchomoa. Mungu alinikinga tu. Nikatoa valvu ndogo ya mbele, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye redio mbovu. Iliingia bila shida, ikawaka vizuri. Kwangu mimi, kinachoingia na kuwaka ndicho chenyewe. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kasi, nikabadilisha na waya wa gitaa hapo hapo, kabla hata sijasikiliza.

Sauti haikukatika tena, lakini ilibaki ndogo na nzito, mbaya kuliko mwanzo. Sasa sikiliza akili yangu ilivyokwenda. Nilijiambia: valvu nimebadilisha, waya nimebadilisha, kwa hiyo kilichobaki ni transfoma, kile chuma kizito cha kugeuza umeme, na transfoma ameiua Elia kwa kuitikisa kwenye baiskeli. Nikayasema hayo mbele ya kamati ya kwaya, kwa sauti ya mtaalamu. Kamati ikamvua Elia gitaa. Wengine wakaongeza maneno ambayo sitayaandika, kuhusu watu waliokuja juzi na vitu vya wenyeji. Mimi nilinyamaza. Elia alisema neno moja tu la kwao, "Ntaco bitwaye," yaani haidhuru, akaondoka. Hakuonekana ibadani wiki tatu.

Kamati ikanituma Kasulu kwa Mzee Shomari, fundi wa redio pale sokoni, Mwislamu mcha Mungu ambaye babu yake alitoka pwani. Nilisafiri na amplifaya mapajani. Nilimwamkia, nikaanza kumwambia kuhusu transfoma. Akaniinulia kidole ninyamaze.

"Kijana, mimi sijakuuliza imekufa nini. Nakuuliza umegusa nini."

Nikamtajia valvu na waya.

"Kimoja kimoja, au vyote kwa pamoja?"

"Kwa pamoja, mzee."

Aliweka bisibisi chini, akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula sabuni. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza. Akaniambia anakwenda kuswali, na kwamba ataniombea na mimi, maana naonekana nina haja kubwa.

Aliporudi alichomeka gitaa lake mwenyewe kwa waya wake mwenyewe. Sauti ilikuwa ile ile ndogo. Akaizima, akasubiri, akapima kama umeme umekwisha ndani, mkono mmoja ukiwa mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Akauliza valvu ya kwanza iko wapi. Nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye leso. Akaniambia nisome namba zake, kisha nisome za ile ya redio. Hazikufanana. Umbo moja, miguu sawa, lakini ile ya redio haikuwa na nguvu ya kukuza sauti. Akarudisha ya kwanza. Akapiga uzi mmoja tu, na duka zima likajaa.

Kisha akaomba waya wa zamani. Akauchomeka, akautikisa karibu na ncha. Sauti ikafifia, ikarudi, ikafifia. Ulikuwa umekatika ndani, na waya ule ulikuwa wangu. Kila baada ya mazoezi niliuzungusha kwenye kiwiko na kuufunga fundo kama ninafunga mbuzi.

"Ilikuwa na ugonjwa mmoja," Mzee Shomari akasema. "Ukaitia wa pili, halafu ukatafuta wa kumlaumu. Huyo mwenzako mmemfanya nini?"

Nikamweleza. Akachomoa gitaa lake.

"Basi mimi nimemaliza. Iliyobaki si kazi ya fundi."

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima, nikasema yote, pamoja na yale niliyoyanyamazia. Kisha nikaenda kwao Elia na kupiga magoti mbele ya mama yake. Walinisamehe, Mungu awalipe. Elia alirudi kanisani. Gitaa hakulishika tena. Aliimba mstari wa nyuma, na kwaya yetu ikabaki na mpigaji wa pili kwa ubora, yaani mimi, kwa miaka mingi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, nakusihi. Sauti ikipotea, anza na kilicho nje na rahisi: waya, gitaa, spika. Gusa kimoja, sikiliza, kisha ndiyo uguse kingine. Cha zamani usikitupe mpaka kipya kijithibitishe. Ndani ya mashine mwachie anayejua, maana humo mna mauti. Na jina la mtu usilitaje mpaka umemaliza kujichunguza mwenyewe, kwa kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Akidhulumiwa mwenzako mbele yako, usinyamaze kama nilivyonyamaza.

Bwana akupe masikio ya kusikia kabla ya mdomo wa kusema, aibariki kazi ya mikono yako, na akuepushe na siku ya kuwa sahihi mbele ya watu na mkosaji mbele zake. Amina.