Mama mkwe, sufuria na blanketi

Wenye mama mkwe, kujeni hapa. Wangu leo nusura anipike. 😂

Ametoka Mbooni asubuhi mpaka kwangu Tulia, na mfuko mzima wa majani ya mkaratusi. Ameambiwa kanisani kwamba kujifukiza kunasaidia watu wa MS, huu ugonjwa wangu wa neva.

Sasa Mwaitu, ndivyo namwita mama mkwe, nitamkatalia na mdomo gani?

Sufuria ikachemka. Nikaketishwa mbele yake, blanketi juu ya kichwa.

Wueh!

Joto ndilo adui ya miguu yangu, na daktari alinionya. Kidogo tu, nataka kusimama, miguu imekataa kabisa.

Mwaitu akanishika kwapani, akanikokota hadi kivulini, akaniwekea leso ya maji baridi shingoni. Ndio nikamweleza hiyo mambo ya joto.

Akaondoka.

Nikajua nimemuumiza.

Miguu iliporudi, nikaenda kumtafuta. Napata blanketi iko na mtu ndani!

"Mwaitu, unafanya nini huko?"

"Rudi kwa baridi, Mama Mwende. Majani nimeyatoa mbali, hayawezi kupotea bure. Hili jasho nitakutolea mimi."