Kaseti Iliyoitwa Sita

Wangechi alijifunza piano kanisani Makongeni, Thika, akiwa msichana mdogo, na kufikia mwaka wa 1995 alikuwa akiongoza bendi ya watu watatu. Siku za wiki alifundisha shule ya nasari Gatongora, Ruiru, alikoishi na mumewe, Waweru. Jumapili mchana alipiga jazz katika hoteli moja mjini Thika, Mwanzia akiwa kwenye besi na Omondi kwenye ngoma. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Watu waliokuja kula kuku waliacha kutafuna, wakamwangalia.

Januari 1996, ukuta wa mawe uliporomoka kwenye machimbo alikofanya kazi Waweru. Walimtoa saa nane mchana, amekwisha kufa. Wangechi aliitwa kutoka darasani. Alifika, akamwona, akauliza viatu vya Waweru viko wapi. Hakulia siku hiyo, wala siku ya mazishi. Watu walisema amejikaza. Hakuwa amejikaza, hakusikia kitu cha kuzuia. Wiki iliyofuata alishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, akaitua mezani polepole, na alijua ameungua kesho yake tu, alipoona malengelenge.

Mama mkwe wake, Ngendo, alihamia kwake ili asikae peke yake. Ngendo alilia kila siku, na macho makavu ya mke wa mwanawe yalimkera.

Mwezi wa tatu Wangechi alirudi hotelini. Wimbo ulipoanza, mikono ilikataa madoido ya zamani. Alipiga noti tatu, akangoja, akapiga mbili. Mwanzia alidhani amesahau. Omondi aliweka vijiti chini, akachukua brashi, akawa anaipangusa ngoma taratibu kama mtu anayefuta vumbi. Walipiga hivyo Jumapili nne. Ya tano, meneja aliwaambia kwa upole kwamba wateja wanasinzia, na kwamba ameshapata mtu mwingine.

Wangechi alichukua mkoba wake akaenda zake. Aliyekasirika ni Mwanzia. Alisema amepiga besi miaka kumi na tano, na ni mwezi huo tu alioisikia kila noti yake mpaka inapokufa yenyewe. Hataki kitu hicho kipotee. Ndiye aliyemtafuta Muzammil, fundi wa redio mjini Thika, aliyekuwa na mashine ya kurekodi na maikrofoni mbili.

Walikutana likizo ya Aprili, Jumanne asubuhi, kwenye ukumbi wa kanisa Ruiru uliokuwa na piano kuukuu. Walirekodi nyimbo sita, kila moja mara moja tu. Katikati ya wimbo wa tatu Wangechi aliinua mikono akakaa. Lori likapita barabarani. Mwanzia na Omondi walimtazama, hawakugusa kitu. Muzammil alingoja, kisha akainama karibu naye.

"Dada, nizime?"

"Wacha iendelee."

Baadaye alipiga noti moja ya chini, besi ikaingia, na wimbo ukaenda mpaka mwisho. Lile lori lilibaki ndani ya kaseti.

Zilitolewa nakala mia mbili. Muzammil alipouliza aandike jina gani kwenye jalada, Wangechi alisema Sita, kwa kuwa nyimbo ni sita. Baadhi ya wanunuzi walizirudisha wakilalamika kwamba muziki unakatika. Muzammil aliwaeleza kwamba ndivyo ulivyo. Waliokataa kuelewa aliwabadilishia kwa kaseti za kwaya.

Jioni moja Wangechi alitoka kazini akamkuta Ngendo ameketi kando ya redio, viazi havijamenywa, anaisikiliza ile kaseti. Alisimama mlangoni mpaka upande wa kwanza ukaisha.

"Pale uliponyamaza," Ngendo akasema, "ulikuwa unamfikiria?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Wangechi aliweka mkoba wake chini.

"Hapana, mama. Sikuwa nasikia kitu."

"Na sasa?"

"Hata sasa."

Ngendo alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Akamkabidhi kisu, wakamenya viazi pamoja. Hakumuuliza tena kuhusu machozi.

Bendi haikudumu. Mwaka wa 1998 Mwanzia alipata kazi Mombasa, naye Omondi akarudi kwao. Wangechi aliendelea na watoto wa nasari, na Jumapili alipiga piano ya kanisa kwa namna ile ile. Waimbaji walinung'unika mwanzoni, halafu wakajifunza kungoja.

Machozi yalikuja mwaka wa 1999, posta ya Thika, akiwa kwenye foleni bila kuwaza lolote. Yalimtoka kwa dakika chache. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimshika bega. Foleni iliposogea, Wangechi alisogea nayo, akanunua stempu mbili, akatoka nje juani.